Kazi, Matembezi na Deni Letu kwa Keringet

Siku mbili kabla ya mwaka mpya nilitumwa Keringet na bodi ya shule ninayoitumikia. Shughuli yenyewe ilikuwa ya kawaida mno: kuwatafuta wakulima watakaotuuzia viazi vya muhula wa kwanza pasipo kupitia kwa madalali, kabla ya wanafunzi kurejea mwezi Januari. Kazi hiyo niliimaliza kwa siku moja. Nikakaa siku tatu. Siku mbili za ziada nilizigharamia mwenyewe, chumba na chakula, nami nalitaja jambo hili mapema kwa kuwa ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kuchanganya safari ya kazi na matembezi si dhambi, wala si uzushi wa leo. Wafanyabiashara waliofika pwani yetu kwa majahazi, wakisukumwa na kaskazi, hawakuwa na budi kuingoja kusi iwarudishe kwao. Miezi hiyo ya kungoja walikaa na watu, wakajifunza lugha, wakaoa, wakacheza bao. Biashara iliwaleta, lakini makazi ndiyo yaliyowafungamanisha na wenyeji. Ubaya huanza pale mtu anapotembea kwa fedha za mwingine huku akidai kwamba yumo kazini.

Sisi walimu tusijitoe katika lawama hii. Kwa miaka mingi walimu wakuu wa shule za upili wamekuwa wakifanya kongamano lao la kila mwaka Mombasa, na wenzao wa shule za msingi vivyo hivyo. Gharama aghalabu hubebwa na shule, yaani na mzazi. Sisemi kwamba hakuna linalojadiliwa huko. Ninauliza tu kwa nini elimu ya nchi hii haijadiliki vizuri isipokuwa penye upepo wa bahari. Maelfu ya walimu wakuu hawawezi kulala Keringet, nakubali; lakini ile mikutano midogo ya watu ishirini au thelathini, ambayo nayo hukimbilia hoteli za Naivasha na Mombasa, ingekosa nini huku milimani?

Mwezi Mei 2014, utalii ulipokuwa umedorora kwa sababu ya mashambulizi ya kigaidi, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kampuni zitakazowalipia wafanyakazi wao likizo humu nchini zingepunguziwa kodi kwa gharama hiyo. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, mpango wa namna hiyo humfaa mwenye hoteli kubwa, anayeweza kuandikiana mkataba na kampuni. Mama mwenye vyumba vinne vya wageni nyuma ya duka lake hautamfikia kamwe.

Turudi Keringet. Ukitoka Nakuru kupitia Njoro na Molo, ukaelekea Olenguruone, utaupata mji huu mdogo katika Kuresoi Kusini, juu mahali ambapo hata Desemba mtu huvaa sweta. Wakenya wengi walilijua jina lake kwenye chupa ya maji kabla ya kujua kwamba kuna watu wanaoishi huko. Pande zote ni viazi, ng'ombe wa maziwa na, kadiri unavyoukaribia msitu, majani chai. Malori huja asubuhi, hupakia viazi, huondoka kabla ya jua kutua. Kanuni za mwaka 2019 zinataka gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini mkulima niliyezungumza naye alinionyesha lile lililorefushwa kwa neti juu, analolazimika kulijaza mnunuzi anaposema, "Chukua au acha." Mnunuzi huyo hajawahi kulala Keringet hata usiku mmoja. Ni vigumu, nadhani, kumrefushia gunia mtu ambaye jana mlikula pamoja.

Alfajiri ya mwaka mpya niliamka kabla ya saa kumi na mbili. Miji mingine ilikuwa bado imelewa usingizi wa sherehe. Hapa, barabarani, vijana wapatao kumi na watano walinipita kama kundi la swala, wasichana kwa wavulana, mvuke ukiwatoka vinywani. Nilijaribu kuwafuata. Kabla sijaumaliza urefu wa mashamba mawili pumzi zilinikatika, nikakaa kwenye ukingo wa barabara. Mzee mmoja aliyekuwa akipeleka maziwa alisimama akanitazama kwa huruma.

"Mwalimu, umekuja kununua viazi au kutafuta medali?"

"Viazi nimeshapata, mzee. Sasa natembea tu."

"Basi wewe umo likizoni," akasema, akiwaelekezea kidole wale waliokwisha kutokomea mlimani. "Hao wako kazini."

Maneno hayo yalinikaa. Faith Kipyegon, aliyesoma katika shule ya wasichana ya Winners hapo Keringet, alishinda mbio za nyika za dunia za chipukizi huko Punta Umbría, Hispania, mwaka 2011, akikimbia miguu mitupu. Leo ana dhahabu tatu za Olimpiki za mita 1,500, za Rio, Tokyo na Paris, na mwezi Julai 2025 aliivunja tena rekodi yake ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 48.68 huko Eugene, Marekani. Mwaka 2016, binti huyu aliposhinda Rio, kijiji chao cha Ndabibit hakikuwa na umeme. Baba yake aliuomba hadharani, ndipo serikali ikaupeleka. Msomaji, tafakari: ilihitaji dhahabu ya Olimpiki ili kijiji kimoja kipate taa! Na mimi niliyekuwa nikitafuta njia ya Ndabibit sikuona hata kibao kimoja cha kuniongoza.

Linganisha na Iten. Kila Desemba na Januari, baridi inapowazidi wakimbiaji wa Ulaya, wengi wao hupanda huko kufanya mazoezi, nao hukuta pa kulala, pa kula na pa kunyoosha misuli, kikiwemo kituo kilichoanzishwa na mwanariadha Lornah Kiplagat. Mwaka mpya kwa Iten ni msimu wa mavuno. Sitamani Keringet iwe Iten ya pili, ijae wapiga picha wanaowazuia watu kazini mwao. Lakini kati ya kujaa na kusahauliwa kuna nafasi pana.

Mfano mwingine ni mto Mara. Chanzo chake kimo kwenye kinamasi cha Enapuiyapui katika msitu uu huu wa Mau. Tangu Julai 2024, mgeni kutoka ng'ambo hutozwa dola 200 kwa siku kuingia hifadhi ya Maasai Mara katika nusu ya pili ya mwaka, msimu ambao nyumbu huvuka mto. Anayeishi kando ya msitu unaoyazaa maji hayo haoni senti ya fedha hizo. Anachosikia ni amri za kuhama.

Kuna sababu nyingine ya kuutaja mwaka mpya, nayo si ya kupendeza. Tarehe 30 Desemba 2007 matokeo ya urais yalipotangazwa, Kuresoi ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoungua. Mwaka 2008 ulipoanza, kulikuwa na watu barabarani hapa waliobeba magodoro vichwani badala ya zawadi. Ghasia kama hizo zilikuwa zimeonekana tangu mwaka 1992. Mtu wa kabila jingine kuja huku kwa hiari yake, akalala, akatazama kandanda alasiri ya Januari mosi katika uwanja wa shule pamoja na wenyeji wa lugha tatu au nne, si jambo dogo. Uchaguzi mwingine unatarajiwa mwaka 2027. Ningependa watu wengi zaidi wawe na marafiki Keringet kabla ya siku hiyo kufika.

Serikali ya kaunti ingeweza kuanza kwa vibao vya njia, uwanja wa mazoezi wenye choo, na orodha ya nyumba zinazopokea wageni. Shule nazo, zinapowatuma watu kununua viazi au chai, zingeweza kuwaruhusu wakae siku moja au mbili zaidi kwa gharama yao wenyewe. Hakuna bajeti inayohitajika hapo.

Niliporudi, nilijaza fomu ya marupurupu ya siku moja. Mhasibu aliitazama, akanitazama.

"Mwalimu, si ulikuwa huko siku tatu?"

Nikamwambia kwamba siku mbili zilikuwa zangu. Akatabasamu kwa namna ya mtu anayemsaidia mgeni asiyejua mji, akaigeuza fomu na kunionyesha kwa kalamu yake: ilikuwa na nafasi ya siku saba.