Simu Haipigi Hodi

Sisi watu wa pwani tuna mazoea ya kudhani kwamba Uislamu kila ukipanda bara huzidi kutiwa maji. Mtu akitaja Nyeri, Karatina au Nanyuki, twafikiria baridi, chai na kahawa. Twasahau kuwa tangu Waingereza walipoweka boma lao Nyeri mwaka 1902, walikuwako huko wapagazi, maaskari na wachuuzi wa Kiislamu waliosema Kiswahili, na kwamba watu hao walioa huko huko, wakazaa, wakazikwa. Mitaa ya Majengo tuionayo katika miji ya Mlima Kenya ni athari yao. Wajukuu wao leo ni Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa damu na kwa lugha, na ni Waislamu kama wewe msomaji uliyeketi barazani Mombasa au Lamu.

Nayasema haya kwa sababu jambo la leo, yaani malezi ya watoto katika zama hizi za simu za mkononi, laonekana wazi zaidi huko mlimani kuliko kwetu. Mtoto wa pwani akiwa na swali la dini, anao walimu kila kichochoro. Akimkosa huyu atampata yule. Nyeri Waislamu ni wachache, watoto wengi wako shule za bweni, na madrasa aghalabu ni ya Jumamosi na Jumapili. Swali likimjia kijana Jumanne usiku atamwuliza nani? Ataiuliza simu, na simu haikosi jibu.

Nani anayejibu humo? Huenda akawa mwanachuoni mwenye taqwa, huenda akawa mtu asiyejua hata kutawadha. Msomaji atakumbuka shambulio la hoteli ya DusitD2, Nairobi, la tarehe 15 Januari 2019, ambalo watu 21 wasio na hatia waliuawa. Mmoja wa washambulizi alitajwa kuwa kijana aliyelelewa Isiolo, kaskazini ya mlima huo huo. Sisemi kwamba simu ndiyo iliyompoteza, wala siwanyoshei kidole wazazi wake. Nasema tu kuwa kijana wa leo aweza kuwa na mashekhe ambao babake hajapata kuwaona sura wala kusikia majina yao.

Simu zenyewe nyingi ziliingia majumbani kwa mlango wa elimu. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi wasirejee mpaka Januari 2021, wazazi waliambiwa masomo yatapatikana kwenye simu. Wakanunua, na wasioweza kununua wakaazimisha zao. Masomo yalirudi darasani, simu haikurudi kwa mwenyewe.

Nilipokuwa Nyeri nilikaribishwa na bwana mmoja, mtu mwema na mswalihina, tukala baada ya Isha. Akaniambia kwa fahari, "Maalim, mimi binti yangu nimemdhibiti. Kila usiku akishalala naichukua simu yake naikagua."

Nikamwuliza, "Na yeye mwenyewe husema nini?"

"Hasemi kitu. Ni mtoto mtulivu sana."

Huko jikoni nilikuwa namsikia mtoto huyo mtulivu akizungumza na mamake kwa Kikuyu, wakicheka mpaka wakishikana mbavu. Baba alipoinuka kwenda kuomba maji, kicheko kikakatika mara moja.

Mzazi ni mchunga, na mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Hilo halina mjadala. Lakini kuchunga si kunyatia. Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Waislamu tumekatazwa kupelelezana. Katika Suratun Nur, aya ya 58, watoto ambao hawajabaleghe wameamrishwa kubisha hodi nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya Isha. Dini iliyojali mlango wa chumba kiasi hicho inatufunza kuwa nyumba ina nyakati zake na staha zake. Simu haipigi hodi. Yaingia nyakati zote hizo tatu, na huingia kwa baba kwanza. Huyo anayeikagua ya bintiye usiku, yake mwenyewe hulala nayo chini ya mto. Na aianze yeye kuiacha sebuleni, mtoto aone.

Tazama pia kisa cha Nabii Yusuf. Yu mtoto, ameota ndoto kubwa, akenda moja kwa moja kwa babake. Nabii Yaqub hakumwambia aondoke asimpotezee wakati. Alimsikiliza hadi mwisho, akamsadiki, ndipo akamwonya asiwahadithie nduguze. Onyo lilikuja baada ya sikio. Na Nabii Ibrahim, aliyekuwa na amri ya Mola wake, bado alimtaka mwanawe atoe rai yake. Wengi wetu twaanza kwa onyo na twamalizia kwa onyo, kisha twashangaa kuwa ndoto zetu watoto huenda kuwasimulia watu wa TikTok.

Mwana Kupona binti Mshamu, mwanamke wa Pate, alitunga utendi wake mwaka 1858 ili kumwusia binti yake, naye akiwa mgonjwa. Mafunzo yake juu ya waume yanabishaniwa siku hizi, na wabishanao waendelee. Mimi nalotazama ni kwamba alimketisha mtoto karibu naye akampa wakati, tena kwa lugha ya nyumbani kwao. Kule mlimani baba huusia kwa Kiswahili cha msikitini, mtoto huishi kwa Kikuyu na Sheng'. Nasaha yapita juu kama ndege.

Wako wanaotaka dawa ya sheria. Agosti 2023 ombi lilifikishwa Bungeni kwamba TikTok ipigwe marufuku nchini, na Australia tangu Desemba 2025 imewazuilia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa. Sipingi serikali kulinda watoto. Lakini wako akina mama wa Kenya wanaofanya kazi Saudia na Ghuba, na malezi yao yote ni sauti iliyorekodiwa usiku wa manane na kutumwa kwa mtoto. Ukimnyang'anya mtoto huyo simu umemnyang'anya mama.

Kamati za misikiti ya Nyeri, Nanyuki, Meru na Embu zingefanya vyema likizo ya Agosti kuwaita wazazi, si watoto, kwa darasa. Nasi huku pwani tuna vijana waliohitimu madrasa, wenye elimu na wasio na la kufanya jioni. Kila madrasa ya mlimani na ipewe mmoja wao, mume kwa wavulana na mke kwa wasichana, anayejulikana kwa wazee na kwa wazazi, na nambari yake ya simu iandikwe ukutani, ili Jumanne usiku swali likija liende kwake.