Watoto wa Geita nao waonyeshwe mawe yao

Vijana wetu wanaokwenda ng'ambo kusomea jiolojia na uchimbaji wakirudi, tunawauliza mambo mawili tu: una shahada ya nini, na umeajiriwa wapi? Hatuwaulizi watu wa mji ule wanaishije. Mimi nilisoma Wuhan, China, katika China University of Geosciences, na nasema wazi: niliyoyaona mtaani yanaihusu Geita kuliko mengi niliyoandika daftarini.

Wuhan ni jiji la watu zaidi ya milioni 10, limekaa kingo zote mbili za mto Yangtze. Asubuhi watu hula reganmian, tambi zilizochanganywa na ufuta uliosagwa, wengine wakitembea na bakuli la karatasi kuwahi treni. Julai shati hukuganda mgongoni hata usiku. Januari baridi hukufuata mpaka kitandani, kwa sababu nyumba nyingi za huko hazina mabomba ya kupasha joto kama zile za Beijing. Mimi, mtoto wa Nyarugusu, Geita, nililala na koti. Mama aliyeniuzia machungwa karibu na geti alinifundisha kuonyesha namba moja hadi kumi kwa mkono mmoja, kama wafanyavyo wao, ili nisipunjwe sokoni.

Ndani ya chuo kile kuna Makumbusho ya Yifu: miamba, madini, mifupa ya dinosaria. Mwisho wa wiki waliojaa humo hawakuwa wanachuo. Walikuwa mabibi na wajukuu, wazazi na watoto wao, walimu na misururu ya wanafunzi wa shule za msingi. Siku moja mtoto wa umri wa darasa la pili alibandika paji la uso kwenye kioo, akitazama jiwe jeupe la kwazi. Akamuuliza bibi yake dhahabu iko wapi. Bibi akanigeukia. Kwa Kichina changu cha kukwamakwama nikawaeleza kuwa dhahabu nyingi iliyo ndani ya jiwe haionekani kwa macho, na kwamba kwetu miamba inayoibeba ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Yule bibi akaniomba niandike jina la Geita kwenye daftari la mjukuu.

Niliumia sana siku ile. Nyumbani nimewaona watoto wa rika lake wakiokota vipande vya mawe kando ya karasha la kusagia mawe, vumbi limewajaa puani. Bei ya gramu wanaijua. Hawajui kwa nini mshipa wa dhahabu hukatika ghafla, wala vumbi la jiwe jeupe linavyoharibu mapafu polepole, wala zebaki ya kunasia dhahabu inayochomwa inakwenda wapi ikishageuka mvuke. Wazee wetu wa maduarani, kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, wana elimu, na si ndogo: baba yangu mdogo akililowanisha jiwe na kuligeuza juani, anakwambia kama linafaa kusagwa. Nani amemwita darasani awafundishe watoto?

Geita ilifungua soko la madini mwaka 2019, la kwanza nchini, lakini hilo ni la biashara, si la kufundishia watoto. Kila mwaka kuna maonesho ya teknolojia ya madini pale Bombambili, mazuri, lakini yakiisha mahema hung'olewa. Makumbusho ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini yako Dodoma, na nauli ya kupeleka darasa zima huko si ya shule ya kijijini. Mwadui, Shinyanga, ni vilevile. John Williamson aligundua almasi pale mwaka 1940. Mwaka 1947 ikatoka almasi ya waridi ya karati 54.5, akapewa Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, kuwa zawadi ya harusi. Ni watoto wangapi wa Maganzo, jirani kabisa na mgodi, wameonyeshwa hata picha yake?

Fedha si kisingizio. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017, kila mwaka mgodi unatakiwa kukubaliana na halmashauri mpango wa kuihudumia jamii. Madarasa na zahanati vijengwe, sipingi hata kidogo. Lakini ukumbi mmoja Geita na mmoja Shinyanga, wenye mawe ya Nyarugusu, Mgusu, Bulyanhulu na Mwadui, hauwezi kuzishinda halmashauri zetu. Wanafunzi waingie bure Jumamosi. Pawe na chumba cha zebaki na vumbi, kieleze madhara yake bila kificho. Wazee wa maduarani walipwe posho waeleze wanayoyajua, wakae pamoja na vijana waliosoma jiolojia ambao leo wanazunguka na bahasha za vyeti.

Waheshimiwa madiwani wa Geita, Msalala na Kishapu, mpango wa mwaka ujao ukiletwa mezani, msiupitishe kabla ya kuuliza fungu la ukumbi huo liko wapi.