Ngazi au fimbo ya maji? Vikundi vya vijana na tenda za kusafisha vioo Dodoma

Miaka kumi iliyopita kijana wa Bahi au Chamwino akisema anakwenda mjini kuosha vioo, wazee wangemuuliza ni vioo vya magari ya nani. Leo jibu liko wazi. Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, na tangu hapo majengo ya ghorofa yenye kuta za vioo yameota kuanzia katikati ya mji hadi Mji wa Serikali, Mtumba. Vumbi letu mnalijua. Kuanzia Mei hadi Novemba upepo unavuma na mvua hakuna, na kioo kilichosafishwa Jumatatu kinabadilika rangi kabla ya Ijumaa.

Kwa hiyo kazi ipo. Na kwa kuwa mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ilirejeshwa mwaka 2024 baada ya kusitishwa mwaka uliotangulia, vikundi vya vijana vimeanza kuuliza swali moja kwenye kipindi chetu, kwa maneno tofauti: je, tukope tununue zile fimbo ndefu zinazotoa maji tunazoziona kwenye video za simu, au tubaki na ngazi, ndoo na mpira?

Jibu fupi ni kwamba fimbo ni chombo kizuri na inaweza kuokoa maisha, lakini peke yake haimalizi kazi. Kwa maji ya ukanda wetu wa kati, inaweza pia kumwachia mtu deni. Inafaa zaidi ikichanganywa na njia ya zamani, na kikundi kinapaswa kujua kianze na kipi.

Njia tatu, si mbili

Njia ya zamani ni ndoo ya maji ya sabuni, kitambaa au sponji ya kulowesha kioo, halafu ule mpini wenye ulimi wa mpira unaovuta maji yote mara moja bila kuacha mistari. Mpira huo tunaouona leo una historia ndefu. Ettore Steccone, Mwitaliano aliyehamia California nchini Marekani, alitengeneza wa kwake wa shaba, mwepesi, mwaka 1936, na mpaka sasa umbo lake halijabadilika sana. Ukiwa na mkono mzuri, mpira wa namna hiyo unasafisha kioo cha dukani kwa sekunde chache na kwa maji kidogo sana. Ndoo ya lita 10 inatosha vioo vingi.

Shida inaanza kioo kinapokuwa juu. Hapo wengi huweka ngazi. Wengine hufunga sponji na mpira kwenye mti au bomba jepesi na kufanya kazi wakiwa chini, na hiyo ndiyo njia ya pili. Inafaa kwa urefu wa ghorofa moja au mbili, hasa ndani ya kumbi zenye madirisha marefu. Inataka ufundi, maana ukiwa umbali huo unapaswa kuusikia mpira kwa mikono, kama mvuvi anavyosikia samaki kwenye mshipi. Ukibonyeza vibaya kona moja, utakuta mstari wa maji machafu unakukodolea macho ukiwa tayari umeshuka na vyombo.

Njia ya tatu ni fimbo ya maji yenyewe. Inachomoka kipande kwa kipande kama antena ya redio. Juu ina brashi, na ndani au kando yake unapita mpira mwembamba wa maji. Mtu anasimama ardhini, anasugua fremu kwanza, kisha kioo, halafu anasuuza kuanzia juu kwenda chini na kuondoka. Hafuti. Kioo kinajikausha chenyewe. Fimbo nzuri zinafika mita 20 hivi, ingawa kwa mikono ya kawaida ghorofa ya tatu au ya nne ndiyo mpaka wa kazi inayoleta matokeo. Ukizidi hapo fimbo inapinda na kuyumba, huoni unachosugua, na shingo inauma. Majengo marefu zaidi bado yanahitaji kamba au jukwaa la kuning'inia, na hiyo ni kazi ya watu waliosomea.

Siri iko kwenye maji

Mama yeyote wa Dodoma, Singida au Shinyanga anajua ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika. Hayo ni madini yaliyokuwa ndani ya maji. Maji yakikauka, madini yanabaki. Sasa chukua maji hayohayo, yamwage kwenye kioo, uache jua likaushe: utapata madoa meupe kila mahali, na kioo kitaonekana kichafu kuliko kabla hujaanza.

Ndiyo maana fimbo ya maji haifanyi kazi na maji ya bomba. Inahitaji maji yaliyochujwa mpaka yasiwe na madini. Kwa kawaida yanasukumwa kwa nguvu kupita kwenye utando wenye matundu madogo mno, kisha yanapitishwa kwenye chujio la pili lenye punje zinazonasa madini yaliyobaki. Wenye kazi hii hutumia kipimo kidogo cha mkononi kinachoonyesha miligramu za madini katika lita moja, na hutaka namba isiyozidi 10. Visima vingi vya ukanda wa kati vina mamia, na vingine vinapita elfu moja.

Watengenezaji wa video hawalisemi hili. Maji yanapokuwa ya chumvi zaidi, machujio yanakufa mapema zaidi, na machujio ni ya kununua upya kila mara. Tena ule utando hautoi maji safi tu. Sehemu ya maji inatoka pembeni ikiwa imebeba chumvi yote, na kwenye mitambo midogo inaweza kuwa sawa na maji safi uliyopata au kuyazidi. Fimbo moja hutumia kama lita moja hadi mbili kwa dakika. Kwa saa moja ya kazi ni lita 60 mpaka 120, na hapo hujahesabu yaliyomwagika kwenye kuchuja. Katika mkoa ambao watu wanapanga madumu kusubiri mgao, hiyo si hesabu ndogo, na siamini kama mtu anaweza kusimama mbele ya majirani zake akiimwaga mtaroni bila kuulizwa.

Kuna njia inayopunguza makali. Maji ya mvua yana madini kidogo sana. Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Paa la bati la mita za mraba 50 linapokea lita zipatazo 25,000 kwa msimu wa milimita 500. Hata ukipoteza sehemu yake kwa kumwagika na kwa kuacha mvua za kwanza zioshe vumbi la bati, unabaki na akiba ya kweli. Bado utayachuja, lakini machujio yatadumu mara nyingi zaidi. Na yale maji ya chumvi yanayotoka pembeni yanaweza kusafishia sakafu au vyoo. Kumwagilia mchicha, hapana.

Uingereza ilifanya nini

Fimbo hizi hazikuenea Ulaya kwa sababu zinang'arisha kuliko mpira. Mafundi wengi wa zamani mpaka leo watakuambia mpira ni bora. Zilienea kwa sababu ya watu kuanguka. Aprili 2005 Uingereza ilianza kutumia kanuni za kazi za mahali pa juu. Kanuni hizo hazikupiga marufuku ngazi, kama wengi wanavyodhani. Ziliweka utaratibu wa maswali: kwanza, je, kazi hii inaweza kufanyika bila mtu kupanda? Kama inaweza, asipande. Kama haiwezekani, azuiwe kuanguka. Na kama hatari ya kuanguka bado ipo, madhara yapunguzwe. Baada ya hapo, mwenye kampuni aliyempandisha mtu ngazini kwa dirisha la ghorofa ya pili alipaswa kueleza kwa nini hakutumia fimbo.

Urefu wa ghorofa mbili, tuseme mita sita, unaonekana mdogo. Mtu akianguka kutoka hapo anagonga ardhi baada ya sekunde moja na kidogo, kwa mwendo wa karibu kilomita 39 kwa saa. Ni kama kugongwa na bodaboda iliyo kwenye mwendo wa kawaida wa mtaani.

Sisi tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, na OSHA wanaoisimamia. Sheria inampa mwajiri jukumu la kulinda usalama wa wafanyakazi wake, vifaa kinga vikiwemo. Pengo ninaloliona mimi liko kwenye namna kazi inavyonunuliwa. Ofisi ikitangaza tenda ya usafi na kuandika tu "kusafisha vioo vya nje mara mbili kwa mwezi", wa ngazi na wa fimbo wanashindana kwa bei peke yake, na wa ngazi atashinda kwa sababu hatari yake haijaandikwa popote kwenye hesabu. Anayeibeba ni kijana aliye juu. Ofisi inayotaka vioo visafishwe bila mtu kupanda iandike hivyo kwenye masharti, ikubali na gharama yake. Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inatenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo, kupitia mfumo wa NeST. Fursa hiyo isije ikawa mlango wa kuwapa watoto wetu kazi ambazo kampuni kubwa zimeziogopa.

Fimbo inaposhindwa

Jengo jipya lina matone ya saruji, rangi na gundi ya fremu kwenye vioo. Brashi ya fimbo haitoi vitu hivyo hata ukisugua mpaka jioni. Vinatolewa kwa wembe maalumu, kwa mkono, kioo kikiwa kimelowa. Kwa hiyo usafi wa kwanza wa jengo lolote jipya ni wa njia ya zamani, kwa jukwaa lililofungwa vizuri kama ni juu. Baada ya hapo ndipo fimbo inachukua kazi ya kila wiki, kwa sababu vumbi jepesi linaondoka kwa maji na brashi tu.

Vioo vya ndani havioshwi kwa fimbo ya maji hata siku moja. Madirisha ya luva nayo ni mtego, maana maji yanapita katikati ya vipande na kuingia mezani kwa mtu mwenye mafaili na kompyuta. Shule na zahanati zetu nyingi zina luva. Huko ni kitambaa na ndoo. Vioo vya chini vya maduka, kwa mpira unamaliza kabla mwenzako hajafungua mpira wake wa maji.

Halafu kuna umeme. Fimbo za kaboni na za aluminiamu zinapitisha umeme, na hata za nyuzi za kioo hazitakiwi kuaminiwa zikiwa zimelowa. Karibu na nyaya za TANESCO fimbo haiinuliwi, kwa kazi yoyote ile, mpaka wenye nyaya wamehusishwa. Upepo ukiwa mkali, fimbo inateremshwa. Wala mtu asipite chini yake.

Kabla ya kusaini mkopo

Ushauri wangu kwa kikundi kinachoanza: anzeni na ndoo, mpira mzuri, wembe na fimbo fupi ya kufungia mpira. Chukueni kazi za vioo vya chini na vya ndani. Mkono ukizoea, na mkiwa na mkataba wa kudumu wa jengo la ghorofa mbili hadi nne, hapo pigeni hesabu ya fimbo ya maji. Ulizeni bei ya fimbo, kisha bei ya machujio kwa mwaka mzima, kisha mpimeni maji ya kisima mtakachotumia kabla ya kununua chochote. Anayewauzia akikwepa swali la machujio, ondokeni. Mkopo wa halmashauri hauna riba, lakini unarejeshwa.

Jambo la mwisho ni ajali, na hapa vikundi vingi havijajipanga. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unamlipa mfanyakazi aliyeumia kazini, na anayechangia ni mwajiri, si mfanyakazi. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku saba. Lakini Mfuko umejengwa juu ya uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa. Vijana kumi walioungana na kushinda tenda si waajiriwa wa wizara wanayoisafishia. Kama kikundi hakijasajiliwa kama mwajiri na hakichangii, akianguka mmoja wao hakuna wa kumdai fidia hiyo. Usajili huo unafanyika ofisi za WCF au kwa mtandao, na unatakiwa uwe umekamilika kabla ya mtu wa kwanza kupanda ngazi.