Umesoma vitabu vya mabosi, sasa soma Sheria ya Ajira

Ukitoka kazini jioni na ukakatiza Tom Mboya au Moi Avenue ukitafuta gari la Umoja, Kayole ama Dandora, unapajua pale pa vitabu. Gunia limetandikwa kando ya njia, majalada yanang'aa chini ya taa za duka, na muuzaji amesimama nyuma akifuata macho yako aone yatatua wapi. Majina ni yale yale. Robert Kiyosaki na baba zake wawili, tangu 1997. Napoleon Hill na Think and Grow Rich ya mwaka 1937, kitabu ambacho huenda kinamzidi nyanya yako umri. Stephen Covey na tabia saba. James Clear na mazoea madogo madogo. Na Robert Greene, huyo hakosi, na sheria zake 48 za mamlaka. Unainama, unafungua katikati, unabishana bei, unapanda gari nacho.

Sina ugomvi na wewe kununua. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kupatikana, na mengi niliyosoma tangu hapo yametoka kwa gunia kama hilo. (Nakala nyingi za hapo zimechapishwa kichinichini, na inachekesha kidogo kununua kitabu kuhusu uadilifu ambacho mwandishi wake hataona hata ndururu. Lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.) Ninachotaka tuongee leo ni kile ambacho vitabu hivyo haviguswi nacho, na ni nani kati yetu anayevisoma.

Angalia vizuri. Anayenunua si kijana wa kutafuta kazi peke yake. Kuna supavaiza wa godoni kule Industrial Area. Kuna dada anayesimamia saluni ya wasichana sita Donholm, na msee wa karwoshi kando ya Outering, na fundi mkuu wa gereji Kariobangi Light Industries mwenye vijana wanne wa kufunza. Kuna meneja wa zamu kwenye supamaketi. Hawa wote wanaongoza watu, na wengi wao hawajawahi kukaa hata nusu siku wakifunzwa jinsi ya kuongoza watu. Walipewa funguo kwa sababu walikuwa wepesi wa mikono, au walikaa muda mrefu kuliko wengine, au ni watu wa nyumbani kwa mwenyewe. Ijumaa ulikuwa unapiga naye stori kwa kibanda cha chai. Jumatatu yeye ndiye anaandika nani amechelewa.

Sasa mtu kama huyo ana wasiwasi, na ana haki ya kuwa nao. Anashuka tao, anapita pale kwa gunia, anachukua Greene. Humo kuna sheria inayomwambia afiche nia yake, na nyingine inayomwambia awaache wengine wafanye kazi halafu yeye achukue sifa. Ni kitabu kitamu, nakubali, kimejaa hadithi za wafalme na majenerali wa Ulaya na Uchina. Lakini mfalme wa Ufaransa hakuwa na vijana kumi na mmoja wa kupakia mabelo ya unga kabla saa mbili asubuhi, wawili kati yao wametembea kwa miguu kutoka Mukuru.

Niliwahi kufanya kibarua chini ya supavaiza wa aina hiyo, kwa godoni ambalo sitalitaja. Kitabu kilikaa juu ya meza yake, mgongo ukitutazama. Alikuwa hasalimii. Ratiba ya zamu alikuwa anaibadilisha usiku kwa WhatsApp, saa nne, na ole wako kama huna bando. Kijana mmoja wetu alichelewa mara mbili wiki moja, mtoto wake akiwa amelazwa. Asubuhi ya tatu alifika mapema kabisa, na mlinzi akamwambia jina lake halipo kwa karatasi. Basi. Hakuitwa ndani wala hakuulizwa, na supavaiza mwenyewe hakutokea. Wiki hiyo hiyo wapakiaji wengine wawili waliondoka kimya kimya, mabelo yakaanza kupasuka, na lori zikawa zinatoka saa nne badala ya saa mbili. Miezi michache baadaye supavaiza naye jina lake halikuwepo kwa karatasi.

Ukisikia mambo hayo unaweza kusema ni roho mbaya. Mimi naona kitu kingine: huyo jamaa alikuwa anaiga kile pekee alichowahi kuona. Mitaa yetu ya zamani ilijengwa kuwalaza watu wa kazi. Muthurwa na Makongeni zilikuwa za reli, na Kaloleni ikajengwa miaka ya 1940. Kiongozi wa kazi aliyejulikana enzi hizo alikuwa nyapara, na neno hilo bado liko hai kwenye mjengo. Eastlands pia ilijifunza mapema kumjibu nyapara. Makhan Singh na Fred Kubai wa vyama vya wafanyakazi walipokamatwa Mei 1950, Nairobi ililipuka kwa mgomo. Kwa hivyo tuna kumbukumbu ya kuamrisha na kumbukumbu ya kugoma. Cha katikati, yaani supavaiza na kijana wake kukaa chini na kuambiana ukweli bila mmoja kupoteza kazi, hicho hatujaandikiwa kitabu.

Sheria lakini imekiandika, na kwa ufupi kuliko Covey. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kwamba kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, kwa kazi mbovu, au kwa sababu mwili wake hauwezi tena, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama chumbani, na wote wawili wana haki ya kusikilizwa. Tena kanuni hiyo ya kusikiliza inamhusu hata yule anayefutwa papo hapo kwa kosa kubwa. Mlinzi wa geti na karatasi yake hawamo.

Na usiniambie kibarua hahesabiki. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja, hahesabiwi tena kama wa siku kwa siku. Likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi, zenye malipo. Aliyefanya miezi miwili mfululizo akiugua na akaleta barua ya daktari, ana siku saba za mshahara kamili na saba za nusu mshahara. Mahakama ikiamua ulimfuta mtu isivyo haki, inaweza kukuamuru umlipe fidia ya hadi mshahara wa miezi 12. Hebu piga hesabu hiyo wewe unayejiita mjasiriamali, halafu uniambie kama kitabu cha kuficha nia kitakulipia.

Sisemi vitabu vyote vya uongozi ni hewa. Peter Drucker mwaka 1954 aliandika The Practice of Management, akaeleza kuongoza kwa malengo. Wazo lake lilikuwa kwamba meneja ashiriki kupanga lengo lake, alielewe, kisha aweze kujipima mwenyewe bila kusukumwa kila saa. Sasa njoo steji ya Kayole. Mwenye matatu anaweka hesabu ya siku, anakata simu, anangoja jioni. Petroli imepanda, mvua imenyesha, kuna msako Jogoo Road, hesabu ni ile ile. Dereva na makanga hawakuulizwa. Hapo matatu inapanda ukingo wa barabara na abiria wanashikilia viti, na sisi tunalaumu dereva kukosa adabu. Nusu ya kwanza ya Drucker tumeichukua, ile ya lengo. Nusu ya pili, ya kuongea na mtu kuhusu lengo lake, tumeiacha dukani. Nimewahi kusikia mwenye gari mmoja wa Umoja ambaye hukaa na wafanyakazi wake kila Jumapili kupanga hesabu ya wiki, ya siku ya mvua ikiwa tofauti na ya siku ya kawaida. Sijui kama amewahi kushika kitabu cha biashara.

Mafunzo ya uongozi yapo Nairobi, usidanganywe. Taasisi ya Kenya Institute of Management imekuwepo tangu 1954. Strathmore Business School inafunza mameneja wakubwa. Kampuni hupeleka watu Naivasha siku tatu, wanarudi na mkoba, kalamu na cheti. Lakini anayepelekwa ni yule ambaye tayari ana ofisi na mlango. Msimamizi wa wapakiaji hajawahi kuona jina lake kwa orodha hiyo, ingawa ndiye anayekutana na watu wengi zaidi kwa siku. Na kwa hesabu za serikali zenyewe, zaidi ya wanane kati ya kila Wakenya kumi walio na kazi, ukiondoa kilimo kidogo, wako kwenye sekta isiyo rasmi. Ni ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, mwaka 1972, iliyofanya dunia nzima ianze kutumia jina hilo. Tumekuwa mfano wa vitabuni zaidi ya miaka 50, na bado vitabu vya uongozi vinaanza na idara ya wafanyakazi ambayo karwoshi haina.

Pesa je? Hapa ndipo ningependa uniskize vizuri, hasa kama uko kwa kampuni iliyosajiliwa. Kuna ada ya mafunzo ya viwandani. Mwajiri hulipa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi, pesa zinazoenda kwa mamlaka ya NITA, na si za kukatwa kwa mshahara wako. Kampuni ya watu 40 inalipa shilingi 24,000 kwa mwaka. Mwajiri akiwapeleka wafanyakazi kwa mafunzo yaliyoidhinishwa anaweza kudai arudishiwe gharama. Kwa hivyo shilingi 50 ya mpakiaji wa unga iko ndani ya mfuko huo sawa na ya meneja, lakini nani amewahi kuuliza zamu ya mpakiaji kufunzwa ni lini? NITA hiyo hiyo ndiyo hutoa mitihani ya ufundi ya gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza, ile ambayo fundi wa Kariobangi anaweza kufanya bila kuwa na digrii. Ufundi unapimwa. Kumwongoza kijana wa kufunzwa bila kumrushia spana, hakuna anayekupima.

Ukitaka kuona Eastlands ikifunza viongozi wake yenyewe, usiende hotelini, nenda uwanjani. MYSA ilianza Mathare mwaka 1987, Bob Munro akiwa mwanzilishi, na ikaweka sharti ambalo wengi walicheka: timu inapata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa, pamoja na zile za mabao. Vijana wenyewe wakawa makocha, marefa na wanakamati, na wanaojitolea wakapata tuzo za uongozi zinazosaidia kulipa karo. Kijana wa miaka 15 anapanga ratiba, anatatua ugomvi wa timu mbili, anaandika ripoti, wiki ijayo anarudia. Hayo ni mafunzo kazini kabisa, na hayahitaji mkoba wala kalamu. Nikiona mtu anayejua kuongea na watu bila kufoka mtaani kwetu, mara nyingi naanza kwa kumuuliza alichezea timu gani.

Kuna vitabu vya huku pia, kama unataka vya kusoma kwa gari. Njenga Karume alitoa chake mwaka 2009, mtu aliyeanza kwa kuuza makaa. Reginald Mengi wa Tanzania alitoa chake 2018, naye alianzia kuunganisha kalamu. Visome, vinakaribia maisha yetu kuliko Napoleon Hill. Lakini vyote viwili viliandikwa kwa Kiingereza, na vyote ni vya mtu aliyepanda. Nangoja kile kitakachoandikwa na aliyebaki chini akishikilia ngazi, tena kwa Kiswahili, kwa sababu hakuna supavaiza wa Industrial Area anayegombeza kwa Kiingereza. Tunaongozana kwa Kiswahili na Sheng kuanzia alfajiri, halafu mwisho wa mwaka tunajaziwa fomu ya tathmini kwa lugha ya barua.

Kabla kitabu hicho kije, Sheria ya Ajira iko bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Kama huna bando, maktaba ya Kaloleni na ya Makadara zimekarabatiwa na Book Bunk, shirika la Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, na kuna ile ya taifa Buruburu. Wewe uliyepewa funguo juzi, anza na kifungu cha 41. Kina aya mbili tu. Kitafsiri kwa maneno ya kwenu, kipigie chapa kwa saiba, ukibandike ukutani kando ya ratiba ya zamu, pale ambapo mlinzi wa geti pia anaweza kukisoma.