Barua pepe za alizeti zisiishie spamu

Vijana wangu, msimu uliopita nilikisaidia kikundi kimoja hapa Ilongero kutengeneza skripti ya kuwatumia wanunuzi bei na idadi ya magunia ya alizeti. Seva ikasema "imetumwa". Kumbe zote zimeangukia spamu! Mnunuzi akapakia kwingine, mzigo ukabaki stoo.

Nasema wazi: seva isitume kienyeji. Tangu Februari 2024 Gmail inataka kila anayewatumia wateja wake awe na SPF au DKIM, yaani rekodi kwenye DNS ya domeni yako zinazothibitisha barua ni yako kweli. Weka zote mbili. Skripti ipitie SMTP yenye nywila, poti 587. Poti 25 wenye seva wengi wameifunga. Na nywila usiiandike ndani ya skripti, jamani. Mnunuzi mkubwa mpigie na simu.