Kidonda cha Paka Kisipuuzwe

Hapa Lalago, Wilayani Maswa, paka ni mlinzi wa ghala. Panya wakishinda, jasho la mkulima limepotea. Hata hivyo, paka mweupe akitoka kidonda kwenye ncha ya sikio au puani, wengi wetu husema amepigana, tukamwacha. Hilo ni kosa.

Kidonda kisichopona kwa majuma kadhaa huenda kikawa saratani ya ngozi. Chanzo chake kikubwa ni jua, nalo huwadhuru zaidi paka weupe, kwa kuwa ngozi ya masikio na pua zao haina rangi wala manyoya ya kutosha kuikinga. Kikiwahiwa, daktari wa mifugo hukata sehemu ya sikio iliyougua, na paka aweza kupona kabisa. Kikicheleweshwa, hula nyama hadi mfupa.

Twawaasa wananchi: adhuhuri paka huyo akae ndani. Asipakwe mafuta ya taa wala marhamu ya binadamu yenye zinki, maana atajilamba, na hiyo ni sumu kwake. Nao mabwana mifugo wasiseme kazi yao ni ng'ombe tu. Anayetulindia chakula naye anastahili kutibiwa.