Zege Jipya Lipimwe Kabla ya Kusifiwa

Msomaji wetu wa Unguja au Pemba huenda akauliza: Nyakitonto iko wapi, nayo yatuhusu nini sisi tuliozungukwa na bahari? Nyakitonto ni kata ya nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, upande wa Kasulu na Kibondo. Hata hivyo, mkulima wa huko anayevusha maharage yake mtoni, na mvuvi wa Pemba anayeshusha samaki gatini, wote wawili wanahitaji kitu kimoja: ujenzi usiowasaliti.

Siku hizi wataalamu wengi duniani wanalisifu zege la uimara wa juu kabisa. Zege hili halina kokoto kubwa. Hutengenezwa kwa saruji nyingi, mchanga laini, vumbi la silika, dawa ya kulainisha, maji machache mno, na nyuzi nyembamba za chuma ambazo aghalabu huwa asilimia 2 hivi ya ujazo wake. Zege la kawaida la majumba yetu hustahimili mgandamizo wa megapaskali 20 hadi 30. Hili hustahimili 120, na mara nyingi hupita 150. Tena limeshikana mno, hata maji na chumvi hupenya kwa taabu.

Neno hilo chumvi linawagusa wenzetu wa visiwani. Nani kati yetu hajaona nguzo iliyopasuka kwa sababu nondo zake zimevimba kwa kutu? Nchini Malaysia, ambako pia kuna pwani ndefu na mvua nyingi, zege hili limejenga madaraja ya vijijini tangu mwaka 2010. Nchini Uswisi, madaraja ya Chillon kando ya Ziwa Geneva yaliimarishwa kwa tabaka jembamba la zege hilo mwaka 2014 na 2015, yakaendelea kutumika.

Hayo ni mafanikio ya kweli. Lakini viongozi wetu wasije wakadhani kwamba wamepata dawa ya kila ugonjwa. Nguvu ya zege hili ni mara tano ya lile la kawaida, au zaidi, lakini ukakamavu wake wa kukataa kupinda hauongezeki hata mara mbili. Mhandisi atakayepunguza unene wa boriti kwa kutazama nguvu peke yake atapata daraja lisilovunjika, lakini linalolegea na kutikisika. Nyuzi nazo hulala kufuata mkondo wa kumwaga zege. Likimwagwa ovyo, nguvu hukosekana pale pale inapotakiwa. Na katika moto mkali, kushikana kule kule kunakozuia chumvi huzuia mvuke usitoke, zege likapasuka kwa kishindo, isipokuwa limechanganywa na nyuzi za plastiki zinazoyeyuka.

Liko pia suala la gharama. Meta moja ya ujazo ya zege hili huhitaji saruji kilo 700 au zaidi, yaani mifuko isiyopungua 14, wakati zege la kawaida hutosheka na nusu yake. Je, ni busara kuipandisha mifuko hiyo yote hadi Nyakitonto kwa ajili ya kijito cha meta chache?

Mkoa wa Kigoma umekwisha kutujibu. Kwa ushirikiano wa Ubelgiji, na chini ya TARURA, mkoa huo umejenga madaraja mengi ya matao ya mawe. Tao huyafanya mawe yabanane, na kubanwa ndiko jiwe linakokuweza. Nondo hazihitajiki katika tao hilo, mawe yanapatikana jirani, na ujira hubaki kwa mafundi wa vijijini. Huo ndio usanifu: kukipa kila kitu kazi inayokifaa.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Mahali ambapo jiwe latosha, litumike jiwe. Zege jipya liwekwe akiba kwa kazi zilizo ngumu: nguzo za magati zinazopigwa na mawimbi, na sakafu za madaraja makubwa zilizochakaa. Kabla ya hapo, vyuo na maabara zetu zilijaribu kwa mchanga na saruji ya hapa nchini, na vipande vyake viachwe katika upepo wa bahari ya Unguja na Pemba kwa miaka, si kwa majuma. Viwango vitangulie zabuni. Ufaransa ilikwisha kutoa kanuni kamili za usanifu wake mwaka 2016. Si aibu kujifunza.

Lakini lililo kubwa zaidi ni nidhamu. Tarehe 29 Machi, 2013 ghorofa liliporomoka katikati ya Dar es Salaam. Tarehe 16 Novemba, 2024 jingine likaporomoka Kariakoo. Katika kila msiba kati ya hiyo watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Hatuhukumu hapa chanzo cha misiba hiyo. Tunasema tu kwamba fundi anayeongeza maji ili zege limwagike kwa urahisi, na msimamizi anayetia sahihi bila kupima vipande vya siku ya 7 na ya 28, hawataokolewa na zege la aina yoyote.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Nasi tuanze kwa kuziba ufa wa usimamizi.